Salamu Kutoka Kamanyola

Akina mama wa shirika letu pale mtaani Muhumba walinidanganya siku kumi na mbili mfululizo, na mpaka leo sijui kama nimewasamehe.

Rafiki yangu nilikua naye tangu tukiwa watoto wadogo. Tulifika chuo kikuu pamoja, tukigawana kitabu kimoja cha kila kozi, maana wakati ule wa vita hata fotokopi ilikuwa anasa. Mwaka wa mwisho yeye akapita sesheni ya kwanza ya mitihani. Mimi nilikwama kwenye takwimu, ikabidi niirudie sesheni ya pili, na nisipopita mwaka mzima unapotea. Alinicheka wiki nzima, kisha akaketi nami akanifundisha kwa subira ambayo mimi sina. Wiki tatu kabla ya mtihani akashuka Kamanyola, kule bondeni, kumtoa babu yake, kwa kuwa mapigano yalikuwa yakisogea. Aliniachia daftari lake na amri ya kusoma.

Wazazi wangu vita vilishawafukuza mbali, nami nilipanga chumba mtaa wa Nguba. Akina mama wa shirika, ile jumuiya yetu ya sala, walipeana zamu za kuniletea chakula. Ghafla mama wa rafiki yangu, mmoja wao, akazichukua zamu zote. Kila adhuhuri alifika na bugali na sombe ya majani ya muhogo, na salamu.

"Anakusalimia," alisema. "Anasema usome."

Nami, mjinga, nilimtania. Nilimtuma amwambie mwanawe kwamba akirudi bila muchele wa Kamanyola asinigongee mlango. Alicheka. Sauti ilikuwa imemkauka, akasema ni mafua.

Siku ya mtihani nilijibu maswali yote. Nikapanda mbio hadi kwao Muhumba kuuliza rafiki yangu atarudi lini. Nilikuta akina mama wamekaa kwenye mikeka uani. Mama yake alikuwa amekivua kile kitambaa alichojifunga kichwani kila alipokuja kwangu, na kichwa chake kilikuwa kimenyolewa.

"Ndugu yako alikufa," aliniambia. "Balimuua kule kule, na babu yake. Ni miye nilibakataza kukuambia. Mu masomo nilikuwa na batoto babili. Nilikataa bote bapotee."

Niliwaka hasira. Kilio walikuwa wamekifanyia mtaa wa Kadutu, kwa ndugu zao, ili nisisikie. Wenzangu wa darasa walijua. Nilikuwa nimekula sombe ya mfiwa nikiiona haina chumvi, na nikasema hivyo. Nilimuuliza zile salamu zilitoka wapi, akajibu alikuwa akizitunga njiani, akishuka.

Kisha akauliza kama nimepita.

Matokeo yalikuwa bado. Nikamwambia ndiyo, maman, nimepita. Hapo ndipo alipolia mbele yangu kwa mara ya kwanza.