Kidole Kimoja cha Nafasi

Mke wa mtunza nyoka alikuwa fundi cherehani. Kupima nyoka alianza kwa sababu mumewe kazi hiyo ilimshinda. Mzee yule alishika mkia akavuta, na nyoka ukimvuta hurefuka. Mwenyewe akishiba alivuta sana, akiwa na njaa alivuta kidogo. Chatu mmoja, wiki moja, urefu wa aina tatu.

"Baba, huyo ni nyoka, si mpira wa suruali," mkewe alimwambia, akamnyang'anya futi na daftari.

Yeye hakuvuta. Alimlaza nyoka juu ya sponji, akamfunika kioo, akangoja atulie. Kisha akafuata mgongo kwa uzi juu ya kioo, kona kwa kona, akaupima uzi. Miaka kumi na tisa akiandika daftarini. Kazi ya mumewe ilikuwa kushika kioo na kunyamaza. Kunyamaza hakukuweza.

Mke akafariki.

Baada ya miezi mitano akaja mtaalamu wa nyoka, binti mwenye miwani. Akawapima nyoka wazee kwa kioo na uzi uleule. Wote walikuwa wafupi kuliko daftari lilivyosema.

"Nyoka hasinyai, babu," alisema kwa upole. "Daftari hili tuliweke kando. Haliaminiki."

Mzee alikaa chini. Mwandiko wa mkewe ulikuwa humo tu. Nyumbani hakuacha hata barua. Akauliza chatu amepungua kiasi gani. Sentimita moja na nusu. Na kifutu, yule mfupi? Moja na nusu. Na wengine? Hivyo hivyo.

Mzee akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

"Aliwaachia nafasi," alisema.

"Nafasi ya nini?"

"Ya kupumua. Huyo hakukata nguo bila kuongeza kidole kimoja. Tazama shati langu."

Binti alilitazama. Kweli, lilipumua.

Akauliza kidole chenyewe kilikuwa na upana gani. Mzee alitazama vyake, vinene kama mihimili, akavitia mfukoni. Vikatoka na kastabini ya mkewe, kile kikofia cha bati cha kukinga kidole na sindano. Wakakipima. Ukitoa unene wa bati, moja na nusu.

Binti akaandika kwenye jalada: toa moja na nusu kila mahali. Daftari likarudi kabatini. Kabla ya kufunga mlango akauliza kuhusu kurasa mbili za mwanzo, zenye tarakimu kubwa zilizolala upande.

"Hizo chana," mzee alisema. "Huyo alikuwa anavuta."