Cherehani Iliyotiwa Mafuta ya Nazi

Mwatima alirudi Ngamiani kutoka Kigombe, alikokwenda kumzika mama yake. Macho yalikuwa bado mekundu. Kabla hata ya kuvua buibui alipita barazani, mahali anaposhonea, akafunua kitambaa kinachofunika cherehani yake.

Harufu ya mafuta ya nazi yaliyochacha ikampiga puani. Alishika gurudumu alizungushe; likagoma. Mkasi wake wa kukatia vitambaa ulilala kando, umeshika kutu, na magamba ya samaki yamekauka kwenye makali.

"Nani kagusa cherehani yangu?"

Mumewe, Yussuf, alikuwa anakunywa chai kabla ya kutoka na bodaboda yake. "Suhaila alikuwa na madera ya harusi. Nilimruhusu mimi. Ilipokuwa nzito, akaitia mafuta."

"Mafuta ya kupikia?"

"Mafuta si mafuta, Mama Samira? Na chombo cha nyumba hicho, dada yangu akitumia kuna ubaya gani?"

Chombo cha nyumba! Cherehani ile alipewa na mama yake, huyo huyo waliyetoka kumfukia. Ndiye aliyemfundisha kila Ijumaa kufungua sahani ya chini, kupangusa vumbi la nyuzi kwenye meno, kutia tone la mafuta ya mashine, kisha kushona kitambaa kibovu mpaka mafuta ya ziada yaishe. Miaka yote hakuwahi kuacha.

"Basi leo tia mafuta ya nazi kwenye injini ya pikipiki yako," alisema. "Mimi mkeo hata usukani hujawahi kunishikisha, lakini changu unakigawa nikiwa matangani!"

Yussuf akachukua helmeti, akaondoka.

Mwatima alitandika mkeka, akaifungua cherehani kwa bisibisi. Mafuta yalikuwa yameganda ndani kama ulimbo. Aliyalainisha kwa mafuta ya taa, akasugua kwa mswaki mkuukuu, akachokoa nyuzi kwa sindano. Alisugua huku machozi yanamtoka, na hayakuwa yote ya msiba.

Suhaila akatokea, mikono imepakwa hina. "Wifi, pole na msiba. Kumbe mashine ndiyo inakuliza?"

"Kaa hapa. Shika mswaki."

"Na hina hii?" Suhaila akacheka.

Ndipo Mwatima alipolipuka. Aliyosema yalisikika mpaka mtaa wa pili, na mama mkwe akaja mbio, khanga inamdondoka begani.

"Shikamoo, mama," Mwatima akamwahi.

"Marahaba. Mwanangu, umefiwa. Usiseme kwa hasira, utajuta."

"Hasira ninazo, mama, na nitasema. Mimi nimekwenda kuzika, huku nyuma mkasi wangu unakatiwa mapezi ya samaki. Hakuna aliyeona vibaya?"

Mama mkwe alimtazama binti yake. Suhaila akageuka, akaenda zake.

Alasiri gurudumu lilizunguka, ingawa kwa kunung'unika. Mkasi ndio ulioshindikana. Mnoa visu aliutazama, akatikisa kichwa, akaurudisha. Mwatima alimwita jirani yake Bertha, wakaibeba cherehani wawili, mmoja huku mmoja kule, mpaka baraza ya Bertha, iliyo na chumba cha kufunga kwa kufuli.

Yussuf alirudi akaona mahali patupu. Akamfuata huko.

"Watu watasema nini?"

"Watasema cherehani imehama. Na mwenyewe naye asije akahama."

Harusi ikapita. Mwatima hakukanyaga. Suhaila alipomletea dera la kupunguza kiuno, lilirudishwa vile vile, halijafunguliwa. Usiku hakuzungumza na mumewe ila la lazima.

Mwishowe Yussuf akaja barazani kwa Bertha na mkasi mpya mkononi, amesimama kama mgeni.

"Kama nimekukosea..."

"Hakuna kama."

Alitazama chini, kisha barabarani, kisha akasema, "Nimekukosea."

Mwatima alipokea mkasi, akaujaribu kwenye kipande cha kaniki. Ulikata vizuri. Hakumwambia aketi, wala hakumfukuza. Aliinama, akaendelea kushona.