Kona ya Mbinya Juu ya Forodha

Mbinya alikuja Shimoni kutoka Ukambani, yeye na mumewe, wakapata shamba huko juu kwenye makaazi ya wahamiaji. Kila alipoteremka kuuza mahindi alipumzika kivulini mwa jumba la zamani la forodha, lile linalotazama gati. Akalipenda mno. Alikuwa akipapasa kuta zake nene na kusema kwao hakuna nyumba iliyopokea wageni wengi kiasi hicho.

Basi mvua za El Nino zikalitoboa paa lake la chokaa. Ikasemwa kwamba likivuja tena masika, litabomolewa.

Bi Biasha, ambaye mamake alikuwa mmoja wa walioipiga sakafu ya paa lile, akakusanya wanawake. Chokaa na kokoto vikamwagwa juu, kila mmoja akapewa kipande chake na kibao cha kupigia, wakawa wanapiga huku wakiimba. Mbinya naye akaomba kona ya upande wa bahari.

Akainua kibao juu ya kichwa, akakishusha kama mchi. Chokaa ikaruka, kokoto zikabaki wazi.

"Mama Kimanzi," Bi Biasha akamwita Mbinya kwa jina la mwanawe, "unakoboa mahindi ya ule muthokoi wenu huko?"

Wanawake wakacheka hata wimbo ukakatika.

"Nakoboa, na wewe hupati," Mbinya akajibu, mwenyewe akicheka. Kisha akasogea karibu, sauti chini. "Bibi, nionyeshe."

Bi Biasha akamshika kifundo cha mkono. "Kibao kina uzito wake. Wewe kiinue kidogo tu, kisha kiache kianguke chenyewe."

Mbinya akaikwangua kona yote, akaanza upya. Wenzake waliposhuka kula, yeye alibaki juu, tap, tap, taratibu. Siku za soko zikapita bila yeye, na shamba likaota magugu. Mumewe Kisilu akanung'unika, kisha akazoea.

Masika yakafika kwa kishindo. Wanawake wakakimbilia ndani ya jumba, macho yote kwenye kona ya bahari. Mbinya akasimama mlangoni, leso imemgandama mwilini, asithubutu kutazama juu.

Bi Biasha akapitisha kiganja ukutani, akakitazama. Akachukua mkeka wake, akautandika chini ya kona ile ile, akaketi na kuanza kusuka ukili wake.

"Mama Kimanzi, ingia basi," akasema bila kuinua kichwa. "Huko uliko ndiko kunakonyesha."