Kanga ya Yule wa Kwenye Bango

Binti wa jirani yangu hakuolewa kwa sababu ya bango la filamu, na bango lilikuwa langu. Hapa mtaani wanalisimulia kila mtu kwa namna yake, na chumvi haikosekani. Lakini aliyegongomea misumari ni mimi, kwa hiyo naona bora niliseme mwenyewe.

Mume wangu ana banda la video ubavuni mwa nyumba yetu, hapa Bagamoyo. Vijana wanaliita banda umiza, na aliyekalia mabenchi yake kwa saa mbili hahitaji kuuliza kwa nini. Mchana tunaonyesha filamu, jioni mpira. Kazi yangu ni mlangoni, na bango nalo ni la mlangoni: kila wiki nabandika jipya kwenye ubao unaotazama uchochoro, watu wajue kuna nini. Mabango yanatoka Dar yakiwa yamekwisha kuchapwa. Filamu iwe ya vita, ya majini au ya bibi mchawi, lazima kona moja pawe na msichana aliyesahau nusu ya nguo zake.

Basi wazee wa mtaa wakaja. Walikuja kwa adabu, wakakataa kahawa, na aliyesema ni mmoja wao, mtu mzima wa rika la marehemu baba yangu. "Mwanangu, biashara hatukukatazi. Ila yule pale msitiri. Watoto wanapita kwenda madrasa."

Sikubisha. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiwaonea haya wasichana wale, na huruma pia, kusimama juani vile wiki nzima. Nikaanza na karatasi za manila na gundi; hewa ya pwani ikazibandua kabla ya Ijumaa. Nikachukua kalamu ya wino mweusi, ile nene, na hapo ndipo nikajichongea. Vijana waliokuwa wakipita zao sasa wakasimama, wakitaka kujua chini ya wino pana nini. Filamu moja ilikuwa ya mwalimu anayeumwa, haina hata busu. Nilipompaka mkewe wino kifuani, banda likajaa. Walikaa mpaka mwisho wakisubiri nilichokificha, wakatoka wamenuna, na mmoja akaniambia mimi tapeli.

Na kila wiki mzee anarudi. "Mwanangu, goti lile." "Mwanangu, hapo begani." Ilikwenda hivyo miaka mitatu. Nilichoka. Nilichoka na mapaja yasiyo yangu, nikachoka na watu wanaovaa miwani kuyatafuta ili waje waniambie hayafai kutazamwa.

Siku moja, katika uchovu huo, nikafungua sanduku nikatoa kanga kuukuu, nikaikata kwa kipimo cha bango, nikamfunga msichana wa wiki ile kuanzia kwapani hadi miguuni. Upande mmoja ulizidi, nikaukunja nyuma ya ubao na kuupiga misumari. Alipendeza, sisemi uongo. Alionekana kama mtu anayetoka kuoga, anayekwenda zake chumbani. Mzee alikuja akamtazama juu mpaka chini, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hapo sawa. Hiyo ndiyo heshima." Nikaingia ndani nikalala usingizi wa mchana, jambo ambalo silifanyi.

Sasa jirani yangu. Nyumba yake na ubao wangu vinatazamana, uchochoro tu katikati. Tumeishi hivyo miaka thelathini. Mama yangu alipofariki, yeye ndiye aliyemwosha, kwa hiyo hilo neno jirani halitoshi. Ni shoga yangu. Ana binti mmoja, aliyekuwa akifanya kazi katika hoteli ya chakula kule Msata, pale mabasi yanaposimama. Binti yule alirudi nyumbani ghafla, na maneno yakarudi naye: kwamba huko alikuwa na mtu, na mtu huyo ana mke. Mimi sikuyasema. Lakini niliyasikiliza mpaka mwisho, kila mara yaliposemwa.

Mungu si Athumani, ikaja posa. Watu wa Lugoba, watu wa heshima, walikuwa hawajasikia lolote. Shoga yangu alikuwa hali halali; alipaka chokaa upya, akaazima mikeka kwangu. Wageni walifika Alhamisi ya wiki ile ile ya kanga, wakaketi barazani kwake, nyuso zao kwenye ubao wangu. Kati yao alikuwamo shangazi wa bwana harusi. Huyo, nilivyokuja kuambiwa baadaye, alitazama bango kwa kitambo, akaomba maji, akanywa, kisha akauliza taratibu, "Jirani yenu huyo, mna neno naye?"

Shoga yangu akageuka. Upande wa chini wa kanga, kwa herufi kubwa, pale magotini mwa yule msichana, palikuwa pameandikwa LISEMWALO LIPO. Maneno yaliyobaki, kama halipo laja, nilikuwa nimeyakunja nyuma ya ubao.

Wageni walikula, wakaaga vizuri, wakasema watarudi. Hawakurudi. Walituma salamu kwamba wameona wangoje kwanza, na huku kwetu anayengoja kwanza amekwisha kataa.

Mimi nilikuwa sijui lolote. Nilijua siku mbili baadaye, sahani yangu niliyowapelekea maandazi ya wageni iliporudi. Ilirudi imeoshwa, safi, tupu. Katika miaka thelathini sahani baina yetu haikupata kurudi tupu, hata mwezi ambao hapakuwa na kitu ilirudi na ndimu mbili. Nikashika sahani ile mlangoni, nikatazama ng'ambo, ndipo nami nikaisoma kanga.

Nilikwenda saa ile ile. "Shoga yangu, wallahi nilikuwa namsitiri yule wa kwenye picha. Sikuisoma."

"Hukuisoma," akasema. Alikuwa akichambua mchele na hakuinua uso. "Wewe, mzaliwa wa mji huu, uliyefundwa kwa kanga, ukaolewa kwa kanga. Ukatundika kanga mlangoni kwangu siku ya posa ya mwanangu, na hukuisoma."

Ningemwambiaje? Kanga uliyoivaa miaka kumi huisomi tena, unajifunga tu ukafua na kupika. Lakini hata mimi, kama ningesimuliwa na mwingine, nisingeamini. Nilirudi mara ya pili, na ya tatu nikamtuma mume wangu. Hakuna kitu.

Kanga niliitoa. Kesho yake mzee akaja. "Mwanangu, mbona yuko uchi tena?" Nikamwambia, "Mzee wangu, ulitazama goti, ulitazama bega. Maneno hukuyaona?" Akasema yeye hakutumwa kukagua maneno. Nikang'oa bango zima. Siku hizi naandika jina la filamu kwa chaki, na wanaokuja wanakuja.

Binti mwenyewe nilikutana naye kituo cha basi, na begi lake, anarudi Msata kazini. Nilitaka kujificha. Akanifuata yeye. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu." Nikaanza hadithi yangu ile ile, ya karatasi na wino na uchovu.

Akanikatiza kwa upole. "Najua hukuisoma. Ungetaka kutusema ungetusema siku nyingi."

Alikuwa mtu wa kwanza kuniamini, na machozi yalinitoka pale pale mbele ya makondakta. Nikamshika mkono. "Basi mwambie mama yako. Wewe atakusikia."

"Mama naye anajua, mama."

"Anajua nini?"

"Kwamba hukuisoma." Aligeuka kuangalia iwapo basi limejaa. "Ila akikusamehe wewe, hana wa kumkasirikia. Itabidi aniulize mimi."

Sikumuuliza angejibu nini. Nilimbebea begi mpaka mlangoni mwa basi, akapanda.

Tangu siku hiyo sijaenda tena kuomba radhi. Asubuhi nikifagia namsalimia shoga yangu ng'ambo ya uchochoro, kwa sauti, majirani wasikie. Haitikii. Naendelea kufagia.