Hereni Nilizopewa Nishike

Sipendi mtu anayekuja kunisaidia bila kuitwa, na naijua siku chuki hiyo ilipoanza. Ilikuwa Eldoret, miaka michache baada ya vita vya Hitler, katika chumba cha upasuaji cha hospitali ndogo ya wenyeji. Nilikuwa nimekaa upande wa kichwa cha mama yangu mzazi, nikimdondoshea etha, dawa ya usingizi.

Nilikuwa dresa. Nilifunga vidonda, nikachemsha visu, nikatafsiri, na wageni walipofika nilipewa pia kazi ya kuwalaza watu usingizi. Wageni hao walikuwa daktari mpasuaji kutoka Uingereza na mkewe. Walikuja kwa treni kila mwaka wakati wa kiangazi, wakakaa majuma matatu. Walifanya kazi ya kujitolea, na walihakikisha hakuna anayelisahau jambo hilo. Kila asubuhi daktari alitukusanya uani akaomba dua ndefu ya kumshukuru Mungu kwa kumpa moyo wa kujitoa, na sisi tukaitika amina huku watu waliotembea siku mbili wakimsubiri kwenye nyasi zenye umande. Mkewe alibeba kamera. Kila mgonjwa alipigwa picha mbili, moja kabla ya kisu na moja baada ya kisu, na katika ile ya kwanza hakuna aliyeruhusiwa kutabasamu. Mimi ndiye niliyewatafsiria agizo hilo.

Kitu kimoja daktari alikipenda kuliko vyote, nacho ni kushona masikio. Watu wa kwetu walitoboa masikio na kuzivuta ndewe mpaka zikaning'inia karibu na mabega. Sisi vijana wa misheni tulikuwa tumeanza kuona haya. Askari walitucheka, na walimu walitutazama kana kwamba tumekuja darasani uchi. Kwa hiyo daktari aliposema anaweza kuzikata na kuzishona zikawa fupi, tulijipanga foleni, na mimi nikawa wa kwanza. Nilisimama nikijitazama kwenye kioo cha duka la Mhindi mpaka mwenye duka akatoka kuniuliza nataka nini.

Baba na mama walikuwa maskwota kwenye shamba la Kaburu upande wa Turbo. Mama alikuwa na rovu. Lilianza dogo shingoni, likakua mwaka hadi mwaka, mpaka akawa hawezi kumeza ugali bila kuulainisha kwa maziwa, na akilala chali anakoroma kama mtu anayekabwa. Nilimbembeleza miezi mitatu aje kwa daktari wangu. Naam, nilimwita hivyo, daktari wangu.

Alipokuja, shida haikuwa kisu. Shida ilikuwa hereni. Mke wa daktari alitaka vyuma vyote vitolewe, na mama alikuwa na hereni mbili nzito za shaba iliyosokotwa, alizovishwa alipoolewa. Kwetu mwanamke hazivui hereni hizo akilala, wala akiugua, wala akijifungua. Anazivua siku moja tu, siku anapofiwa na mume.

"Baba yako yuko hai," mama akaniambia. "Asubuhi nimemwacha akikamua."

Nilimsihi. Nilimwambia ni kwa muda mfupi, hata baba hatajua. Mwishoni akakubali kwa sharti lake mwenyewe.

"Mkono wangu hautazigusa. Zitoe wewe, uzishike wewe. Nikifumbua macho nizikute mahali pake."

"Utazikuta, Mama."

Nikazitoa, nikazitia mfukoni. Mke wa daktari alikuwa amekwisha kumpiga ile picha ya kwanza.

Rovu lilitoka vizuri. Sitamnyima daktari haki yake, mikono yake ilikuwa hodari. Alilitupa kwenye beseni, akafunga shingo, akawa na furaha, na mtu huyo akiwa na furaha alikuwa wa hatari. Akalishika sikio la mama, akaliinua kwa vidole viwili.

"Na hizi je?" akaniuliza kwa Kiingereza. "Zako zimekupendeza sana. Mama yako naye angefurahi, sivyo? Iwe zawadi yangu kwako."

Miaka minne ya kazi ile ilikuwa imenifundisha jibu moja tu. Akiuliza kama maji yamechemka, ndiyo Bwana. Akiuliza kama mgonjwa ameelewa, ndiyo Bwana, hata kama mgonjwa alikuwa ananitukana. Siwezi kusema nilichanganyikiwa. Hereni zilikuwa zikinigusa pajani kila nikijisogeza, na nilijua barabara zilikuwa pale kwa nini.

"Ndiyo, Bwana Daktari," nikasema, na nikaongeza matone ya etha.

Mama alipozinduka hakuigusa shingo. Mikono yake ilikwenda masikioni moja kwa moja, ikakuta bandeji. Akanitazama. Nikazitoa hereni mfukoni, sijui nilifikiri nitazitundika wapi, nikamnyooshea kama mpumbavu. Hakuzipokea.

"Ulisema utazirudisha," akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Basi zishike mpaka utakapozirudisha."

Alikaa wodini siku tisa bila kusema nami neno lingine. Bandeji zilipotolewa mke wa daktari alimpiga picha ya pili. Safari hii ndiyo alitakiwa kutabasamu, na safari hii sikutafsiri.

Nilimrudisha nyumbani kwa lori la mahindi. Alijifunga kitambaa kichwani, lakini kitambaa kilisogea alipokuwa anateremka, na jirani yetu aliyekuwa akichota maji akaona. Aliutupa mtungi, akapiga ukemi wa msiba. Mwingine akaupokea kutoka nyumba ya pili, na tulipofika kwenye boma letu wanawake saba walikuwa wanamlilia baba yangu, naye amekaa mlangoni anatengeneza nira ya ng'ombe.

Akasimama. "Nani amekufa?" akauliza.

Akamtazama mama, akayatazama masikio yake, kisha akanitazama mimi na masikio yangu mafupi niliyojivunia.

"Umekuja kunizika, mwanangu?"

Nilitamani anipige. Alikaa tena, akaendelea na nira yake.

Tangu hapo walimgeuza mzaha. Vijana wenye masikio ya kushonwa kama yangu walimwita Marehemu, wakimsalimia kwa kumuuliza habari za huko. Wazee wenzake hawakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu waliogopa, wakaacha kuketi karibu naye kwenye pombe. Nilimwomba mama atoboe upya. Alisema hatakiona kisu tena maishani, na hata hivyo nyama ile ilikuwa imebaki kidogo mno, haikuweza kuvutwa.

Mwaka uliofuata daktari alirudi na kijitabu cha kanisa lao. Ndani yake mama yangu alikuwa mara mbili, amevimba shingo na hereni zikining'inia, kisha hana rovu wala hereni, uso mkavu. Daktari alikionyesha kwa kila mtu. Nilimfuata kwenye veranda nikamweleza yote, mume, hereni, ukemi, kila kitu, kwa Kiingereza chake mwenyewe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila ukali wowote, "Lakini nilikuuliza. Wewe ndiye uliyesema ndiyo."

Nilimchukia kwa hilo kuliko kwa kisu chake. Ningeweza kumsamehe kama angesema uongo. Nilivua koti jeupe siku ile, nikaenda kuwa karani kwenye kiwanda cha magome ya miti ya kutengenezea ngozi, na kila nilipoisikia treni ya kiangazi ikiingia stesheni nilitema mate.

Baba aliishi miaka kumi na mmoja tangu ukemi ule. Alipofariki, kweli safari hii, wanawake wazee walikuja kumkalisha mama nje ya nyumba ili avuliwe hereni mbele ya watu, kama ilivyo desturi. Walitazamana. Hapakuwa na cha kumvua. Mmoja akanong'ona kwamba huyu alikwisha kuvuliwa zamani, na hospitali.

Mama akainua kichwa, akaniita mbele ya wote.

"Zilete."

Sikuuliza nini. Zilikuwa mfukoni, kama zilivyokuwa kila siku kwa miaka kumi na mmoja. Akazipokea kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akazipangusa kwa nguo yake. Akaziweka juu ya makovu, moja kulia, moja kushoto, akazibana pale kwa viganja vyake na kukaa wima, mke wa mtu mbele ya watu wake. Alikaa hivyo mpaka mikono ikachoka. Kisha akazishusha hereni, yeye mwenyewe.

"Sasa," akasema, "mume wangu amekufa."

Akanishika mkono, akaziweka hereni ndani ya kiganja changu, akanikunja vidole juu yake.