Walioshinda Wakabaki Nyumbani

Arlys Tiedeman alifundisha hesabu sekondari ya Pruett kwa miaka thelathini na moja. Kumi na minne kati ya hiyo alikuwa pia mkuu wa michezo na dereva wa basi la timu. Si kwamba alizipenda kazi zote tatu. Mji wetu una watu mia tisa, na mtu mwenye leseni ya basi ambaye yuko tayari kuacha bia yake ya Ijumaa hapatikani kirahisi. Mimi nilikuwa kibarua wa ghala la nafaka, na kila Ijumaa ya msimu wa futiboli yetu ya Kimarekani, ile ya kubeba mpira mkononi na kuvaa helmeti, nilishika ncha moja ya mnyororo wa kupimia hatua uwanjani. Mengi ya haya niliyaona mwenyewe, na yaliyobaki nilisimuliwa na Arlys, ambaye si mtu wa kuongeza chumvi. Hata sukari kwenye kahawa yake alikuwa anaipima.

Katika jimbo letu shule hupangwa madaraja kwa idadi ya wanafunzi. Kila baada ya miaka miwili, siku ya mwisho ya Septemba, mkuu wa michezo anahesabu vichwa, anatia sahihi, anapeleka karatasi kwa chama cha michezo ya shule. Ukiwa na wanafunzi chini ya mia na hamsini, msimu unaofuata unacheza daraja la D na shule za vijiji kama wewe. Ukifika mia na hamsini unapandishwa daraja la C, ambako kuna shule zenye karibu wanafunzi mia tatu, makocha watano, na vijana wenye shingo nene kama mapaja yangu.

Mwaka ule Arlys alihesabu mia na hamsini kamili.

Aliyetimiza idadi hiyo alikuwa Colter Rasch, kijana ambaye hajawahi kuvaa helmeti maishani mwake. Mama yake alikuwa amepata kazi Arizona, na tarehe tatu Oktoba walipakia vitu kwenye lori wakaondoka. Lakini siku ya kuhesabu alikuwa darasani kwa Arlys, mstari wa tatu, akitafuna mbegu za alizeti. Corliss Amdahl, mkurugenzi wa shule zetu, alikuja darasani baada ya kengele ya mwisho akafunga mlango.

"Arlys, yule kijana keshahama."

"Kahama leo. Siku ya kuhesabu alikuwa kwenye kiti chake."

"Nani anajua?"

"Mimi. Nilimpa mtihani siku ile. Alipata sitini na mbili."

Amdahl alimweleza kwamba tarehe ya kuhama inaweza kuandikwa vyovyote, na kwamba shule nyingine zinafanya hivyo kila mara. Arlys akamjibu kwamba basi atafute mwalimu mwingine wa hesabu, akatia sahihi. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kukaa kimya, aliandika barua ya rufaa kwa chama, akaeleza ukweli wote: kijana alikuwepo siku ya kuhesabu, siku tatu baadaye hakuwepo, na hata angekuwepo hachezi. Je, busara haina nafasi? Jibu lilikuja na mistari miwili. Hesabu ni hesabu, na sahihi iliyopo ni ya kwake.

Mji haukumsamehe upesi. Akiingia mkahawani asubuhi, mazungumzo yalihamia ghafla kwenye mvua. Kuna aliyeandika 150 kwa kidole kwenye vumbi la kioo cha nyuma cha basi. Arlys aliliendesha hivyo hivyo wiki nzima. Kocha wetu, Dwight Hruska, alikuwa mwanafunzi wake zamani, na mpaka leo hawezi kumwita kwa jina la kwanza. Yeye alisema tu, "Kalamu yako itatuvunja mifupa, Bi Tiedeman," kisha akaenda kuwaza atawapanga vipi vijana ishirini na watatu dhidi ya timu zenye vijana sitini.

Msimu wa mwaka uliofuata ulipofika, tukawekwa kwenye kundi la mashariki ya jimbo, ingawa sisi tuko magharibi, kwa sababu lilikuwa limepungukiwa na shule moja. Mara nne tulisafiri kwenda kupigwa na majitu, na mara nne tulipigwa. Mechi nne nyingine, za hapa kwetu na shule ndogo, tulishinda. Iliyobaki ilikuwa dhidi ya Kesling, mji ulio maili ishirini tu kutoka kwetu. Kesling walitufunga ishirini na nane kwa sita, na niseme ukweli, walitufunga kwa raha zao.

Mkuu wa michezo wa Kesling ni Wendell Pokorny. Yeye na Arlys walisoma chuo kimoja cha ualimu, na mume wa Arlys, Delmar, ndiye aliyekuwa msimamizi wa harusi ya Wendell. Kesling nao wako daraja la C, lakini majirani wanaocheza nao ni shule ndogo za D. Walishinda mechi nane kati ya tisa.

Sasa sikiliza jambo lililotuchosha sote. Timu kumi na sita ndizo zinazoingia kwenye mtoano, nazo huchaguliwa kwa wastani wa pointi. Pointi zinatokana na ukubwa wa shule uliyocheza nayo na mechi ambazo shule hiyo imeshinda. Ukicheza na jitu, hata kama amekuviringisha matopeni, unaondoka na pointi nyingi. Ukimfunga jirani mdogo, unaondoka na chache. Orodha ilipotoka Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, wa kumi na sita alikuwa Pruett, pointi 39.44. Wa kumi na saba alikuwa Kesling, pointi 39.31.

Arlys alikuwa jikoni akipiga hesabu nyuma ya bahasha wakati simu ilipolia.

"Umeona?" Wendell aliuliza.

"Nimeona."

"Tumewafunga ishirini na nane kwa sita."

"Najua, Wendell. Nilikuwepo, nilikuwa mlangoni nakata tiketi."

"Basi niambie wamekosea hesabu."

"Nimerudia mara tatu. Hesabu ni sahihi. Hilo ndilo linalonitia wazimu."

Wendell alikata simu. Walikaa wiki kumi na moja bila kusemezana, watu waliozoea kupigiana simu kila Jumapili baada ya kanisa.

Jumatatu Arlys alipiga simu kwa chama kutaka Pruett itoe nafasi yake, wapewe Kesling. Hakumwuliza Amdahl wala kocha; alitaka kwanza kujua kama inawezekana. Alimpata ofisa mmoja, Bwana Lathrop, mwenye sauti laini ya mtu anayesoma masharti ya bima. Lathrop alimfahamisha kwamba shule ikijitoa, nafasi haiendi kwa anayefuata. Mpinzani anapita bure, na aliyejitoa anafungiwa miaka miwili.

"Kwa hiyo anayestahili hawezi kupewa hata na yule aliyepewa kimakosa?"

"Si kimakosa, mama. Ni kwa pointi."

Arlys aliniambia kwamba hapo aliweka simu mezani, akatoka nje, akazunguka nyumba mara mbili kwenye baridi bila koti. Aliporudi, Lathrop alikuwa bado yuko kwenye simu, akimweleza mambo ya vyumba vya kubadilishia nguo.

Tulipangiwa kwenda kucheza na timu ya kwanza kwenye orodha, shule ya kulipia pembezoni mwa jiji, maili mia nne na kumi. Arlys aliendesha. Tuliondoka Alhamisi saa sita mchana, na kipasha joto cha basi kilifanya kazi upande wa kushoto peke yake, kwa hiyo vijana walibadilishana viti kila baada ya saa moja. Njiani tulipishana na basi la shule nyingine ya huko huko mashariki. Walikuwa wanaenda magharibi, kucheza na shule iliyo maili arobaini kutoka Pruett. Madereva waliwashiana taa.

"Si wangetuacha tu tubadilishane wapinzani?" Hruska alisema.

Ijumaa tulifungwa arobaini na tisa bila. Kufika mapumziko yalikuwa thelathini na tano, na kocha wao, mtu muungwana, alikuja mwenyewe upande wetu kuomba saa iachwe itembee bila kusimamishwa ili vijana wetu wasiumie zaidi. Mshika mpira wetu alikuwa keshavunjika mfupa wa bega. Kwenye ukumbi wa kanisa tulikolazwa, Teague Lindqvist, nahodha wetu, aliyekuwa kwenye mwaka wake wa mwisho, alikuja kukaa karibu na Arlys akiwa na barafu gotini. Akamwambia, bila lawama yoyote, "Bi Tiedeman, wale wa Kesling wangewasumbua hawa. Sisi tulikuwa tunawapotezea muda."

Arlys aliniambia baadaye kwamba maneno ya mkahawani hayakumuuma hata kidogo ukilinganisha na hayo.

Majira ya baridi yale aliandika pendekezo la kubadilisha kanuni. Mambo mawili tu: shule mbili zikikaribiana kwa pointi na zilikutana uwanjani msimu huo, aliyeshinda ndiye aende, na raundi ya kwanza isimpeleke mtu zaidi ya maili mia na hamsini. Mkutano wa kupiga kura ungekuwa Januari, kwenye hoteli ya mji mkuu wa jimbo. Amdahl alimwita ofisini.

"Ratiba yetu ya mwakani ni ile ile," alimwambia. "Hizo pointi ndizo kitu pekee tunachopata kwenye adhabu hii, na wewe unataka kuzitupa."

"Ilikuwa nafasi ya Kesling, Corliss. Wewe mwenyewe uliona mechi."

"Unaajiriwa na Pruett."

Arlys akaomba siku moja ya likizo yake mwenyewe. Amdahl hakuwa na sababu ya kumnyima.

Asubuhi ya safari theluji ilikuwa imefika magotini. Delmar alikuwa anamwambia mkewe kwamba gari lao dogo halitafika popote, mara lori la Wendell likaingia uani. Wendell alishusha kioo akasema lori lake linavuta kwa magurudumu yote manne. Waliendesha maili sitini wakisikiliza bei za ng'ombe redioni. Kwenye kituo cha mafuta Wendell alinunua mikate miwili ya mdalasini, akampa mmoja, na ndipo akasema, "Nilikuwa nimezikasirikia pointi, nikakupigia simu wewe."

"Hata mimi ningejipigia," Arlys akajibu.

Kila mwenye pendekezo alipewa dakika tatu. Arlys alikuwa na kurasa sita, na kengele iligongwa akiwa ukurasa wa tatu, katikati ya sentensi. Akaacha karatasi, akasema kwamba aliyefungwa ishirini na nane kwa sita ndiye aliyekwenda, na aliyefunga alibaki nyumbani, na kama kuna mzazi humu anayeweza kumweleza mtoto wake jambo hilo akaeleweka, basi apige kura ya hapana. Watu walipiga makofi, hata baadhi ya wale wa shule kubwa.

Shule mia moja na sitini zilipiga kura kupitia wakurugenzi wao. Zilihitajika kura tisini na sita, yaani asilimia sitini. Zilipatikana tisini na tano.

Orodha ya kura ilibandikwa ukutani karibu na mlango. Wendell alishuka nayo kwa kidole mpaka herufi P, akasimama hapo, na Arlys akasogea kuona. Pruett: Hapana.

Aliisoma mara moja. Akavua miwani, akaitia kwenye kasha lake, akauliza choo kiko wapi, akakaa huko muda mrefu mpaka Wendell akamtuma mhudumu wa hoteli akamwangalie. Jumatatu aliingia kwa Amdahl, na Amdahl hakujificha: bodi ya shule ndiyo iliyomwagiza, wajumbe wanne kati ya watano. Wajumbe hao Arlys aliwajua. Watatu aliwafundisha kugawanya.

Wiki hiyo hiyo aliandika kwamba kufikia mwisho wa Mei angeacha ukuu wa michezo. Darasa hakuacha, na basi hakuliacha pia. Nilipomwuliza kwa nini basi, aliniambia kwamba vijana lazima wafike huko wanakopelekwa, hata kama anayewatuma ni mpumbavu.

Mwaka uliofuata chama chenyewe kilipitisha kanuni ya aliyeshinda uwanjani, bila kumtaja mtu. Lakini waliandika kwamba itatumika kwa shule zilizo kundi moja tu, na Pruett na Kesling hazikuwa kundi moja. Arlys aliisoma amesimama posta. Akatoa kalamu nyekundu mkobani, akaisahihisha kama anavyosahihisha mtihani, akaandika pembeni "hujajibu swali", akanunua stempu na kuirudisha kwa Bwana Lathrop.

Kisha yeye na Wendell wakafanya jambo ambalo halikuhitaji kura ya mtu. Chama kinaruhusu kila shule mechi moja ya mazoezi mwezi Agosti, isiyo na pointi. Wakazishawishi shule zao zicheze wao kwa wao kila Jumamosi ya mwisho ya mwezi huo, mwaka mmoja Pruett, mwingine Kesling, hata madaraja yabadilike vipi. Mara ya kwanza watu walijaa mpaka wakasimama kwenye matela ya malori nyuma ya uzio. Akina mama wa kanisa waliuza maharage ya nyama na pilipili yakaisha kabla ya mapumziko. Kesling walishinda tena, ishirini kwa kumi na nane, na vijana wa pande zote mbili walibaki uwanjani wakila pamoja mpaka wazazi wakachoka kusubiri.

Hesabu iliyofuata tulikuwa mia na arobaini na tatu, tukarudi daraja la D. Siku hizi Hruska ndiye mkuu wa michezo, na malalamiko yake ni mengine: shule ndogo za kulipia zilizojaa humo daraja la D zinachukua wachezaji kutoka miji kumi. Anampigia Arlys simu karibu kila wiki. Arlys amestaafu kufundisha, lakini basi bado analo, na kila Januari bado anatuma pendekezo lake, mambo mawili yale yale, kurasa mbili na nusu sasa. Mwaka jana lilipata kura themanini na nane.