Majina Yanayopanda Mwishoni

Enzi zetu sisi watoto wa Ixelles, huko ughaibuni, sinema ilianzia mwisho. Maman alifagia ukumbi wa sinema mtaani kwetu, na kila Jumatano, shule zikifungwa mchana, alituingiza mimi na kaka yangu kwa mlango wa nyuma, filamu ya Kimarekani ikibakiza dakika tano. Tulimkuta shujaa keshashinda. Alimshinda nani, wala kwa nini, hatukujua. Kwenye mabenchi ya nyuma tulinyanyua miguu ufagio upite, pua zimejaa harufu ya bisi za sukari, tukisoma majina yaliyopanda kwenye skrini. Kuondoka kabla hayajaisha ilikuwa marufuku.

"Bon, mwikale," Maman alituambia kwa Kiswahili cha kwao, ambamo kutumika ni kufanya kazi. "Bale batu balitumika. Na mimi natumika. Musome majina yabo yote."

Nikayaandika kwenye daftari la hesabu: maseremala, washonaji, madereva, hata mfunza mbwa. Mwaka hadi mwaka maseremala walipungua, mafundi wa kompyuta wakajaa skrini kama siafu. Makasha mazito ya mikanda nayo yakatoweka. Filamu nzima ikawa inaletwa kwenye kisanduku cha kubebwa mkono mmoja.

Baadaye niliomba nafasi ya kusomea sinema ya Marekani, nikiitaka kufa na kupona. Kwenye usaili profesa akaniuliza filamu niipendayo inaanzaje.

"Mianzo siijui," nikamjibu bila kupepesa macho. "Lakini naweza kukuonyesha ni akina nani waliopoteza kazi." Nikalifungua daftari. Alilipekua ukurasa kwa ukurasa, akasahau kuniuliza maswali mengine. Nafasi nikaipata.

Watoto wa leo, Mungu awape nini tena? Sinema yote wanayo kiganjani. Jina la kwanza likichungulia tu, kidole kishagusa, filamu nyingine hiyo! Sisi tulizikosa filamu tukawajua mafundi wake. Nayakumbuka mno yale mabenchi ya nyuma.

Juzi kwa Maman, mwanangu alikuwa akitazama filamu fupi niliyotengeneza nilipohitimu. Jina la mwisho kabisa pale, chini ya neno Usafi, ni la bibi yake. Majina yakaanza kupanda, kidole kikanyanyuka. Maman, ambaye siku hizi anatembelea mkongojo, akaudaka mkono wake.

"Acha kwanza, mutoto. Mimi bado kupita."